Bibi, kibuyu na ng'ombe wasiorudi: kisa kimoja cha demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu

Kabla sijaanza

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya mtaani, mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, na zaidi ya hapo sisemi. Majina nimeyatoa, umri nimeuzungusha, na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili hata jirani akisoma asiwe na uhakika ni nani. Familia inajua naandika, mkwe ndo aliyesema niandike, sharti lake lilikuwa moja tu, nisimfanye aonekane shetani wala malaika. Najaribu.

Bibi alikotoka

Bibi ana kama miaka 78. Kazaliwa kwenye ng'ombe, kaolewa kwenye ng'ombe, mume akafariki, mifugo ikagawanywa ikaisha, watoto wakaona hawezi kubaki peke yake kijijini wakamleta mjini kwa mtoto wake wa tatu. Nyumba ya vyumba vitatu. Mtoto mwenyewe, tumwite Baba M, ni seremala, anatoka alfajiri anarudi usiku. Mkewe, yaani mkwe wa Bibi, anauza vitenge hapo hapo barazani. Mjukuu mkubwa wa kiume wakati huo alikuwa kidato cha pili, huyo mkumbukeni. Bibi alikuja na sanduku, blanketi mbili na kibuyu cha maziwa, maziwa yenyewe hayapo, ng'ombe hakuna, lakini kibuyu alikataa kukiacha.

Na ana macho mekundu. Miaka sitini ya kupikia kuni, na kuni zikiisha samadi kavu, jikoni hakuna dirisha, macho yatakuwaje? Kwa msomaji wa mbali hili anaweza kuliruka tu, ila kwa kanda yetu bibi kizee mwenye macho mekundu ameshahukumiwa kuwa mchawi kabla hajafungua mdomo. Mauaji ya vikongwe kwetu ni historia ya juzi, na sehemu nyingine ni ya leo.

Miaka miwili ya kufunika

Ilianza kidogo kidogo. Chumvi mara mbili kwenye mboga. Swali lile lile mara nane kabla ya chai. Halafu akaanza kuficha hela yake kwenye debe la unga, akisahau anasema mkwe kaiba, tena anasema kwa sauti wageni wakiwepo. Mkwe alilia sana kipindi hicho, yaani alikuwa anamuogesha asubuhi, jioni anaitwa mwizi.

Kuna wiki mdomo ulipinda upande mmoja, siku mbili ukarudi, hawakumpeleka popote kwa sababu "umerudi". Baada ya hapo alishuka ghafla, akakaa kwenye hali hiyo miezi, akashuka tena. Kama mtu anashuka ngazi. Hiyo picha ya ngazi mimi ningeijua mapema ningeuliza maswali tofauti, nitarudi hapo.

Familia walifanya nini? Kwanza walisema ni uzee. Pili mganga, akasema kafungwa na mtu wa upande wa mkwe, mbuzi akaenda, na ndoa nusura iende nayo. Tatu maombi. Nne, na hii ndo iliyotufikisha pabaya, wakaanza kumficha. Akiulizwa mtu anajibiwa "Bibi karudi kijijini". Kumbe yupo chumba cha nyuma, pazia limeshushwa.

Kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni Bibi anasimama. Ng'ombe hawajarudi. Anataka kutoka kuwatafuta, giza linaingia, fisi wapo, ninyi mmekaa tu! Akizuiwa anapigana. Jioni kwa watu wenye ugonjwa huu mara nyingi ndo wakati mbaya zaidi, uchovu na mwanga unaofifia vinawachanganya, ila wao hawakuwa wanajua, walijua mama kawa mkorofi. Baba M anamjibu, "Mama, ng'ombe waliisha, baba alishafariki." Kila akiambiwa hivyo Bibi analia msiba upya, kabisa, kama kaambiwa leo. Kesho anauliza tena, anaambiwa tena, anafiwa tena. Mimi mwenyewe baadaye nilifanya kosa hilo hilo, mara mbili, na mimi nimesomea.

Usiku halali. Muuza duka la dawa akawapa piritoni, zile za njano za mafua, vidonge viwili kila usiku "atulie". Miezi miwili nyuma kuna kituo walishampa amitriptilini kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Zote mbili zikawa zinaenda pamoja na hakuna aliyeuliza. Na ilipofika hajalala hata hivyo, mkwe akaanza kumfunga mguu kwa kanga kwenye tendego la kitanda. Aliniambia mwenyewe, akiangalia chini, na akaongeza kwamba kanga aliichagua laini.

Usiku wenyewe

Usiku huo kanga ilifunguka. Siku tatu kabla Bibi alikuwa amebadilika, analala mchana kutwa, akiamka anaongea na watu wasiokuwepo, chakula hataki. Wakasema ugonjwa umepanda.

Kama saa kumi alfajiri katoka mlango wa uani, kapita uchochoro, kaingia kwenye ua wa nyumba ya nne, jirani anatoka kwenda chooni anakuta bibi kizee uchi wa mnyama, kachuchumaa karibu na banda la mbuzi, mkononi kibuyu. Na ni mtu ambaye mtaa mzima unajua karudi kijijini.

Sasa wewe jiweke hapo. Kapiga kelele ambazo ungepiga na wewe. Ndani ya dakika kumi watu wamejaa, mchawi kaanguka, na mwenye nyumba ana mtoto ambaye alikuwa anaumwa wiki nzima kwa hiyo kila kitu kikajieleza chenyewe. Jiwe moja lilishampata begani. Kijana mmoja alishasema anaenda kutafuta petroli, wengine wanasema alikuwa anatania, mimi sioni utani.

Mjukuu aliamshwa na kelele, akaona mlango wazi, akakimbia. Alivua tisheti yake akamfunika, akakaa chini mbele yake, mgongo kwa Bibi, uso kwa watu. Miaka 15. Mjumbe naye alinipigia simu, nakaa mtaa wa pili, nadhani aliniita kwa sababu alitaka mtu yeyote mwenye cheo afike kabla ya ile petroli.

Nilipofika sikuwa na hotuba. Nilimshika Bibi mkono, ulikuwa unachoma. Kwenye mkoba nina kipimajoto, nikamuwekea kwapani, nikasema kwa sauti tusubiri. Hayo majibu yalichukua muda kidogo na watu kweli walisubiri, sijui kwa nini, nadhani kifaa kikilia mtu anataka kujua kimesema nini. Kilisema 38.6. Nikamuonyesha mjumbe, nikamuonyesha mwenye nyumba. Nikasema huyu ana homa kali, anaumwa, nampeleka zahanati, anayetaka kuja aje. Mama mmoja nyuma akasema, "Mchawi anaumwa homa?" Mwingine akacheka. Hapo ndo ilipolegea.

Uchi wake ulikuwa na sababu ndogo tu. Nguo tulizikuta uchochoroni, zimelowa mkojo. Alijikojolea, zikamkera kwa baridi, akazivua. Kibuyu kwa sababu alikuwa anaenda kukamua. Na mbuzi walikuwa wanalia.

Tuliamua nini, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa asirudi nyumbani mpaka jua litoke na mwenyekiti wa mtaa awe amekuja. Mwenzangu wa zamu alitaka kumchoma diazepamu atulie maana alikuwa anahangaika na kung'ang'ania kushuka kitandani. Nilikataa. Mzee aliyechanganyikiwa ukimpa hiyo unaweza kumzidishia kuchanganyikiwa na kumwangusha avunjike nyonga. Mjukuu akakaa naye, taa tukapunguza, watu tukawatoa chumbani, ndani ya nusu saa akatulia.

La pili, na hapa ndo somo lenyewe la kitaalamu lilipo, tulikataa kukubali kwamba "ugonjwa umepanda". Demensia kwa kawaida haipandi ndani ya siku tatu. Inakwenda miezi na miaka. Mzee akibadilika ghafla, analala mchana, anaona watu, leo hivi kesho vile, hiyo ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, madaktari wanaita deliriamu, na ina chanzo, na chanzo mara nyingi kinatibika. Tukapima malaria, hakuna. Sukari, nzuri. Wingi wa damu, umeshuka kidogo. VVU na kaswende, hakuna (kaswende ya zamani inaweza kula ubongo, usiruke kipimo kwa sababu ni bibi). Presha 178 kwa 96. Mkojo ndo ulijibu, maambukizi makubwa.

Nikamwambia mkwe alete dawa zote zilizopo nyumbani, hata za zamani, alete kwenye mfuko. Akamwaga mezani. Piritoni na amitriptilini, nikakaa chini. Zote zinakausha mdomo, zinafunga choo, zinazuia kibofu kisimalize mkojo, na zote zinavuruga akili ya mzee. Mkojo unabaki, unaota wadudu, wadudu wanaleta homa, homa juu ya akili iliyokuwa inayumba tayari. Yaani dawa ya kumlaza ndo iliyosaidia kumtoa nje usiku. Piritoni tukasimamisha siku hiyo, amitriptilini tukaipunguza taratibu mpaka ikaisha, antibayotiki zikaanza, na maji, maji mengi, maana mkwe alikuwa anambania maji jioni asikojoe.

Siku ya nne yule wa kuona watu akaisha. Akabaki Bibi wa kawaida, yaani anayesahau.

La tatu, hospitali ya rufaa. Dirisha la wazee lilisaidia, foleni haikuwa mbaya. Daktari aliuliza sana kuliko alivyopima, aliposikia mdomo uliopinda na zile ngazi akasema hii inaelekea ni demensia ya mishipa, viharusi vidogo vidogo vinaua sehemu za ubongo, na inawezekana Alzheimer, aina nyingine ya demensia, ipo humo humo, kwa wazee mara nyingi zinachanganyika. Sitiskani, ile picha ya ndani ya kichwa, ingesaidia lakini bei ilikuwa zaidi ya kipato cha mwezi wa nyumba nzima. Jiwe halikugusa kichwa, na ikawa hakuna dalili ya damu kichwani, wakaamua kutofanya. Uamuzi wenye hatari, walielezwa, wakauchukua. Hela ikaenda kwenye dawa ya presha, maana kiharusi kinachofuata kinazuilika, vilivyokwishapita havirudishwi. Dawa ya kuponya hakuna, hilo aliwaambia wazi na namshukuru.

La nne lilikuwa kikao cha mtaa. Baba M hakutaka kabisa. Alisema aibu. Nikamwambia aibu ilikuwepo saa kumi alfajiri, sasa hivi tunaongelea usalama. Akakubali kwa shingo upande.

Kwenye kikao sikuongelea uchawi. Nikianza kubishana kuna uchawi ama hakuna nitamaliza mwaka. Nilisema kuna utafiti ulifanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nyumba kwa nyumba, wakakuta kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, 6.4 kwa kila 100 wana ugonjwa huu. Nikauliza mtaa huu una wazee wangapi wa umri huo? Wakaanza kuhesabu wenyewe, baba yangu, bibi wa fulani, mzee wa kule mwisho... Kimya kidogo. Halafu mzee mmoja akasema mkewe naye alikuwa anaficha hela kwenye unga, mpaka anakufa. Hakuwahi kumwambia mtu.

Tukatoka na mpango wa kawaida kabisa. Vijana wa bodaboda kijiweni wakapewa picha na namba ya Baba M, wakimuona anatembea peke yake wasimkamate mkono, wasalimie, waulize anatafuta nini, waseme twende huku.

Nyumbani: ng'ombe wameingia

Hapa mjukuu ndo fundi, mimi nilijifunza kwake. Jioni moja nimekwenda, saa kumi na moja imefika, Bibi kasimama. Nami nikaanza, Bibi si unakumbuka ng'ombe walishauzwa... akaanza kulia. Kijana akanisogeza pembeni kwa heshima tu, "Samahani nesi." Akamwambia Bibi, nimewahesabu, wapo kumi na saba. Bibi akauliza, "Na ndama mwekundu?" "Yupo." "Mmefunga?" "Tumefunga." Akakaa. Akaomba uji.

Baba M alikataa hilo kwa wiki kadhaa. Ni mtu wa kanisa, alisema yeye hawezi kumdanganya mama yake. Sikumlazimisha, na kwa kweli swali lake lina uzito. Tulichokubaliana ni asimbishie na asimdanganye, amuulize. "Mama, ng'ombe gani alikuwa na maziwa kuliko wote?" Bibi anaanza, anataja jina, anataja pembe, anataja mwaka wa njaa, nusu saa imepita na mtu amesahau kutoka. Baba M aliniambia amejua habari za baba yake ambazo hakuwahi kuzisikia.

Mkwe alibaki na kidonda cha kuitwa mwizi. Nilimsimulia kwamba mgonjwa ambaye Alois Alzheimer, daktari ambaye ugonjwa ule umepewa jina lake, alimwandika, mwanamke mmoja pale Frankfurt mwaka 1901, mojawapo ya dalili zake za mwanzo ilikuwa kumtuhumu mumewe kwa mwanamke wa jirani. Mzungu, zaidi ya miaka mia iliyopita, tuhuma tupu. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo hata mimi ingekuwa kule ningeitwa tu." Akacheka kwa mara ya kwanza toka nimjue.

Kanga ya mguuni iliondoka, badala yake ndoo ya choo ikawekwa kando ya kitanda na taa ndogo inawaka usiku kucha. Mlangoni mjukuu alifunga kengele ya ng'ombe ili wasikie akitoka. Wazo zuri, likagoma. Mtu akienda chooni kengele inalia, Bibi anaamka, ng'ombe wametoka! Siku tatu hakuna aliyelala. Tukaitoa, tukaweka komeo juu kabisa ya mlango ambako hatazami, na kijana akahamia kulala sebuleni. Mchana anapewa choroko achambue. Akimaliza zinachanganywa na mawe kidogo kesho achambue tena, nilijiuliza kama ni dharau, ila nikimwangalia mikono yake ilivyo na haraka na uso ulivyotulia sijali sana.

Ikawaje

Sasa ni miezi 14. Katoka peke yake mara tatu, mara zote bodaboda wamemrudisha, ya mwisho alirudi kapakiwa katikati ya watu wawili anacheka. Mkojo uliugua tena mara moja, ila safari hii mkwe aliona siku ya kwanza, "nesi, Bibi kabadilika ghafla", tukatibu kabla hajaanza kuona watu. Presha imeshuka. Kumbukumbu inaendelea kupungua, Baba M sasa anaitwa "kaka", na anaitika.

Jirani mwenye banda la mbuzi hajakubali. Alihudhuria kikao, alisikiliza, lakini watoto wake hawapiti mlango wa nyumba ya Bibi. Mtoto wake alipona, lakini hilo halijabadilisha kitu.

Nikiangalia nyuma

Wengi wakisoma watasema kipimajoto ndo kilichookoa. Mimi nasema kilichotaka kumuua ni pazia. Mtaa ulielezwa Bibi hayupo, siku alipoonekana maelezo yaliyokuwa karibu yakachukuliwa. Wangemuona kila siku barazani akiuliza ng'ombe, usiku ule jirani angepiga kelele hivyo hivyo, ila baada ya kelele angesema aah, ni Bibi, mwiteni mwanawe. Na siwalaumu waliomficha, walikuwa wanamlinda kwa kifaa pekee walichokuwa nacho.

Sisi wa afya tulikosea zaidi. Bibi alishakuja zahanati yetu mara mbili mwaka ule, miguu, na hakuna aliyeuliza kama anasahau, hakuna aliyeuliza dawa nyingine. Maswali ya kupima kumbukumbu kwa mtu ambaye hajasoma yapo, pale Hai walitengeneza kipimo kifupi kwa wazee wasiojua kusoma wala kuandika, unahitaji dakika chache na njiti za kiberiti, hatukuwa tumefundishwa. Huko huko wamejaribu vikao vya kuchangamsha akili kwa vikundi, vikao 14 kwa wiki saba, sisi huku tuna choroko.

Na kuna kitu tumeshindwa kabisa, mkwe. Mpango wote huu umekaa mgongoni kwake na kwa mtoto wa shule ambaye mwaka ujao ana mtihani wa kidato cha nne. Vitenge haviuzi tena. Tuliwaita mabinti wa Bibi, wapo wawili mjini hapa hapa, tukapanga zamu za Jumamosi ili mkwe apumzike. Jumamosi ya kwanza mmoja alikuja, akakaa masaa manne, akaitwa mwizi, akaondoka analia. Nilimpigia nikamsimulia habari ya Frankfurt. Akasema ameelewa. Hajarudi.